Wajumbe wa Siku ya Picha

Happyness Radebe alipomaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwishoni mwa mwaka 2005, wenzake waliacha shuleni majina waliyochonga kwenye madawati. Yeye aliacha daftari. Lilikuwa na kurasa arobaini na nne, zimejaa mbele na nyuma kwa kalamu ya bluu, na juu ya jalada aliandika kwa herufi kubwa: KWA WATAKAOTENGENEZA KITABU CHA MWAKA BAADA YETU. Ukimcheka utakuwa na haki kidogo, maana msichana wa miaka kumi na minane anayeandika wosia ni kichekesho. Lakini kwa miaka mitatu kitabu cha mwaka cha shule ile ya Malvern, Johannesburg, nyuma ya Jules Street, kilikuwa mikononi mwake, na kabla yake kilikuwa aibu tupu. Picha zilikatwa vichwa, nusu ya darasa haikuwa na majina, na mwaka mmoja mwalimu wa jiografia aliwekwa kwenye ukurasa wa marehemu, naye yu hai na anadai maelezo.

Daftari lilieleza kila kitu. Naibu mkuu wa shule apigwe picha asubuhi, kwa sababu baada ya saa sita mchana hatabasamu kwa dawa wala kwa dua. Mzee wa duka la samani usimtajie habari za tangazo kabla hujamwuliza mguu wake unaendeleaje. Kila duka lililotoa tangazo lipelekewe nakala yake ya bure siku ileile kitabu kinapotoka. Majina ya wanafunzi yasichukuliwe ofisini: chukua ile karatasi nyepesi ya mafundi nguo, itandaze juu ya picha ya darasa, chora duara juu ya kila kichwa, halafu ipeleke darasani, kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake ndani ya duara lake. Hilo la karatasi Happyness alilibuni mwenyewe, akiwa amekaa chini ya meza ya mama yake ya kukatia nguo, na alilionea fahari kuliko alama zake zote za mtihani.

Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na mistari miwili tu. "Siku ya picha, wajumbe wa kuyaita madarasa ni Gaëlle na Bakiri. Usiwabadilishe." Sababu haikuandikwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Sababu ilikuwepo, tena nzito. Mama yake Happyness, Cecilia, alikuwa Mluguru wa Morogoro. Aliolewa kwao na Sipho Radebe, Mwafrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni, na mwaka 1994 Sipho aliporudi nyumbani alirudi na mke na mtoto wa miaka saba. Cecilia akafungua duka la ushonaji Jules Street. Kwa kuwa pale dukani Kiswahili kilikuwa hakikatiki kutwa nzima, wanawake wa Kikongo na wa Kirundi walikuja hata wasipokuwa na nguo ya kushona. Walikuja kuongea, na mtu akishavuliwa koti apimwe mabega, huanza kutoa na yaliyomo moyoni.

Mmoja wao alikuwa Victorine, msusi kutoka Bukavu, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Gaëlle. Mwaka 2004 Gaëlle alipoanza sekondari, Victorine alikuja dukani akamkuta Happyness anapanga siku ya picha. Alisimama mlangoni kwanza, kisha akaingia na kukaa kwenye stuli.

"Happy, mi siko na shida na shule," alisema. "Lakini foto, hapana. Na jina yake isiandikwe mu kitabu."

Happyness alimwuliza kwa nini. Victorine alimtazama Cecilia, Cecilia akaitikia kwa kichwa, ndipo akasema.

"Bwana yangu alikufa. Bandugu yake banasema mutoto ni wabo, juu balitoa ngombe. Shemeji yangu Gaston iko hapa Johannesburg, anauza bitenge kule town. Anatuulizia kila kanisa. Akimupata Gaëlle, atamurudisha Bukavu, na kule bameshamupangia mwanaume." Alivuta pumzi. "Usimuambie mutu. Hata mwalimu. Hata Gaëlle mwenyewe sikumuelezea yote, nilimuambia tu foto hapana."

Happyness aliahidi. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alijisikia mtu mzima kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Na kuficha hakukuwa jambo geni nyumbani kwao. Baba yake aliishi uhamishoni miaka kumi na minne kwa jina lisilo lake, na kwenye picha ya harusi yake amegeuza uso kama anayetafuta mtu nyuma yake. Tangu utotoni alimsikia akisema, "Mpe mtu kazi yake, sababu baki nayo mwenyewe. Wakimkamata, hana la kuwaambia." Sheria hiyo iliwaokoa watu wengi enzi hizo, na Sipho hakuona kwa nini isiendelee kutumika hata kwenye kuchagua nani aende kununua mkate.

Basi Happyness akabuni wajumbe. Siku ya picha madarasa ishirini na mawili yanatakiwa yatoke kwa zamu, na lazima awepo mtu wa kukimbia toka darasa hadi darasa kuyaita. Anayekimbia hayumo kwenye picha, na hakuna anayejiuliza yuko wapi, kwa sababu kila mtu amemwona anakimbia. Gaëlle alivishwa utepe mwekundu begani akafurahi mno. Alikuwa na miguu mirefu, na utepe ule aliuvaa hadi nyumbani. Mwaka uliofuata aliongezeka Bakiri, mtoto wa Zubeda, Mrundi anayeuza mboga karibu na kituo cha teksi, daladala za kule. Zubeda hakusema anamwogopa nani, na Cecilia hakumwuliza.

Siku ya kukabidhi, Happyness alikaa maktaba na Refilwe, msichana aliyechaguliwa kuwa mhariri wa mwaka 2006. Refilwe alikuwa na moyo mweupe na mwandiko mzuri, na hadi leo hakuna awezaye kumsema kwa lolote. Alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, akicheka pa kucheka. Alipofika ule wa thelathini na moja akasimama.

"Sis Happy, kwa nini hawa wawili kila mwaka?"

"Wana mbio," alisema Happyness. "Na wanajua kila kona ya shule."

"Lakini hawamo vitabuni. Nimeviangalia. Huyu Gaëlle hayumo popote."

"Siku ya picha ana kazi."

"Eish," alisema Refilwe, kwa huruma. Akachukua penseli, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa. Happyness aliona anaandika, na hakuuliza anaandika nini. Alikuwa na haraka, wenzake wanamngoja nje, na moyoni alijipongeza kwamba siri imevuka salama.

Mwaka ukapita. Happyness akaingia chuo, akapanga chumba na wenzake wawili Doornfontein, na Jumamosi hupanda teksi kwenda kumsaidia mama yake. Jumamosi moja ya Novemba alifika dukani akakuta kitabu kipya cha mwaka juu ya meza ya kukatia. Shule ilikuwa imekigawa jana yake, kwa wanafunzi na kwa maduka yote yenye matangazo, kama daftari lilivyoagiza.

"Kizuri," alisema Cecilia kutoka kwenye cherehani. "Picha ya duka letu imetoka vizuri, hata bango linasomeka."

Happyness alikifungua kama mtu anavyofungua sufuria aliyomwachia mwingine aipike. Majina yote yalikuwepo. Naibu mkuu alikuwa anatabasamu. Alikuwa karibu kusema Refilwe amemshinda, ndipo alipofika katikati ya kitabu, ukurasa mzima wa rangi, wenye kichwa WAJUMBE WETU. Gaëlle alikuwa upande wa kushoto na utepe wake mwekundu, anacheka meno yote nje. Bakiri alikuwa kulia. Chini ya kila picha palikuwa na jina kamili, jina la ukoo, mji aliozaliwa, na mtaa anaoishi.

Alikaa kwenye ile stuli aliyokalia Victorine.

"Mama," alisema, "ni mimi niliyeyaleta haya."

Cecilia alikuja akatazama. Alivuta droo, akatoa wembe wake wa kufumulia mishono, akampa binti yake mkononi.

Wembe ungefanya nini? Vitabu zaidi ya mia sita vilikuwa vimeshalala usiku mmoja katika nyumba za watu. Happyness alilijua hilo, hata hivyo alitoka, maana kukaa kulimshinda. Alikwenda kwenye maduka ya matangazo, moja baada ya jingine, akisema ukurasa mmoja una makosa ya uchapaji na shule imemtuma autoe. Kwenye duka la matairi waliruhusu bila kuinua macho. Kwenye duka la dawa walimwambia akate tu. Mzee wa samani alianza kumweleza habari za mguu wake, na Happyness alisikiliza yote, wembe umefichwa kiganjani, machozi yakimlengalenga, hadi mzee akamwambia asilie, daktari amesema mguu utapona.

Duka la saba lilikuwa la kinyozi, Évariste, Mkongo mcheshi ambaye kwake vijana wa kanisa hukutana kila Ijumaa jioni. Kitabu hakikuwepo mezani.

"Kaka Évariste, kile kitabu cha shule kiko wapi?"

"Ah, dada, hauna habari?" Évariste alizima mashine ya kunyolea, uso umemchangamka. "Jana baba mumoja alikuja kunyoa, ule wa bitenge, Gaston. Alikuwa anafungua fungua tu kitabu, mara ananyamaza. Anasema, huyu ni mutoto ya kaka yangu, tunamutafuta tangu myaka mitatu. Alilia, dada. Mwanaume muzima. Tukamupatia kitabu, na kunyoa hakulipa, nilikataa. Siye wote tulifurahi naye."

Happyness alitaka kumpigia kelele. Lakini angempigia kelele kwa lipi? Mtu amemwona ndugu anampata ndugu yake, akafurahi. Aliuliza kama Gaston alisema anakwenda wapi.

"Aliuliza ile mutaa iko wapi. Nikamuambia si mbali, ni hapo tu nyuma. Lakini alisema hawezi kwenda mukono mutupu, anaenda kwanza kuita bazee ya kwabo. Kesho baada ya misa batakwenda pamoja, na vinywaji, vizuri kabisa."

Kesho baada ya misa. Happyness alitoka bila kuaga. Alikata kona kwenye robot ya pili, taa za barabarani, akapanda ngazi za jengo walilopanga akina Victorine, na alipobisha mlango ulifunguliwa mara moja. Katikati ya chumba palikuwa na mifuko miwili mikubwa ya plastiki ya mistari. Victorine alikuwa anakunja blanketi.

"Mama Gaëlle," alianza Happyness.

"Najua. Mama ya kanisa alinipigia simu asubuhi kunipa hongera." Aliendelea kukunja. "Ananiambia, Victorine, Mungu ni mukubwa, shemeji yako amekuona."

Gaëlle alikuwa amekaa kitandani, kitabu mapajani, macho mekundu. Alijua picha zimekatazwa, hakujua kwa nini, na mara hiyo moja alipoitwa alikwenda. Alikuwa mrefu sasa, miaka kumi na mitano. Kiswahili alikisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo hakujibu kwa lugha yoyote hadi Happyness alipokaa karibu naye.

"Jumatatu nina mtihani wa hesabu," alisema kwa Kiingereza. "Mwambie mama. Mtihani mmoja tu."

Happyness hakumwambia. Alisema badala yake kwamba waende polisi, au kwa wanasheria wa chuo, kuna ofisi pale chuoni inasaidia watu bure. Victorine alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Karatasi zangu za hifadhi ya wakimbizi zilikwisha muda mu Juni," alisema. "Gaston iko na barua ya famille, na mihuri. Iko na bazee. Miye niko na nini?"

Happyness alitamani atukanwe. Alipiga magoti akaanza kukunja nguo, akizikunja vibaya, na Victorine akazichukua akazikunja upya bila kumlaumu.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilimwachia yule msichana majina, sikumwachia sababu."

"Nilikukataza kusema."

"Ndiyo, lakini."

"Basi ulifanya vile nilikuambia." Victorine alifunga zipu ya mfuko. Kisha akachukua kile kitabu mapajani mwa binti yake, akakifungua pale katikati, akakitazama kwa muda. "Nisomee," alisema. "Bameandika nini pale chini? Gaëlle hataki kunisomea."

Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Happyness aliyasoma kwanza kimya, akatamani asingekuwa anajua kusoma, halafu akamtafsiria polepole.

"Wameandika: 'Gaëlle anataka kuwa muuguzi. Kwa miaka miwili alikimbia kutuita sisi sote tukapigwe picha, na sisi hatukumwita hata mara moja. Mwaka huu tumemwita.'"

Victorine aliomba wembe, ule uliokuwa bado kiganjani mwa Happyness, akaukata ukurasa taratibu kando ya mshono, kwa mkono wa mtu aliyezoea kugawa nywele mistari iliyonyooka. Akaukunja mara mbili akautia kwenye Biblia.

"Sina foto yake nyingine," alisema.

Walishuka pamoja. Happyness alibeba mfuko mmoja hadi kituo cha teksi, na njiani Gaëlle alitembea mbele yao, haraka, kama siku zote. Happyness hakuuliza wanakwenda wapi. Victorine alimshika mkono, akamwambia amsalimie Mama Cecilia, ile kitenge ya njano ambayo haijakwisha kushonwa aiuze. Teksi ilijaa upesi. Gaëlle alikaa dirishani, na ilipoondoka hakugeuka.

Happyness alipita kwa Zubeda, kwenye meza ya mboga, akamwonyesha mmoja wa kurasa alizokata madukani. Zubeda aliutazama mara moja tu. Alisema Bakiri hana pengine pa kwenda, na yeye vilevile hana. Akamfungia Happyness fungu la mchicha, akakataa kulipwa.

Jumanne, siku ambayo Happyness hakuwa na kipindi, alikuwa dukani anamsaidia mama yake kushona pindo, Refilwe akaingia na sare ya shule, daftari kifuani. Alikuwa amelivalisha jalada jipya la karatasi ya zawadi.

"Sis Happy, nimekuletea ulipitie mara ya mwisho kabla sijaliacha kabatini. Nimeongeza kurasa sita." Alikaa kwenye stuli. "Gaëlle hakuja kwenye mtihani wa hesabu jana. Anaumwa?"

"Wamehama."

"Wapi?"

"Sijui."

Refilwe alisikitika kweli. "Lakini kitabu alikiona?"

"Alikiona."

"Alisemaje?"

Cecilia aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akayarudisha.

"Mama yake aliukata ule ukurasa akautunza," alisema Happyness.

Uso wa Refilwe uling'aa, na Happyness alijua kwamba hatamwambia. Kumwambia ni kumtwisha binti wa miaka kumi na minane mzigo wa wema wake mwenyewe, autembee nao maisha yake yote. Na kutomwambia? Alifungua daftari ukurasa wa thelathini na moja. Mistari yake miwili ilikuwa imepigwa kalamu kwa uangalifu, na chini yake, kwa ule mwandiko mzuri, palikuwa pameandikwa: "Wajumbe wapigwe picha wa kwanza kila mwaka, kabla ya madarasa yote, na majina yao kamili. Tulikosea kwa muda mrefu. Msikosee tena."

"Nani atalichukua mwakani?" aliuliza.

"Bado hajachaguliwa. Watamchagua Januari. Mimi nitakuwa nimeshaondoka, naenda Durban." Refilwe alitabasamu. "Lakini daftari lipo, watalikuta."

Bakiri alikuwa amebakiza miaka mitatu shuleni. Miaka mitatu ni wahariri watatu, ambao Happyness hawajui hata mmoja, na kabati la maktaba halina kufuli. Akiandika sababu, atakayefungua kabati ataisoma. Asipoiandika, atatokea mwingine mwenye moyo mweupe. Alichukua kalamu ya bluu, akaufuta ule mstari mzuri, akaandika chini yake: "Wajumbe wasipigwe picha. Kamwe."

Refilwe aliinama akasoma. Hakukasirika. Alimtazama Happyness usoni, akijaribu kuelewa.

"Lakini sis Happy, watauliza kwa nini," alisema. "Mimi si niliuliza?"

Happyness alibaki ameshika kalamu. Nyuma yake cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama yake alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali, naye anangoja jibu.